Kabla ya Kuchomeka Flashi: Kufufua Kompyuta Kuukuu za Meru na Embu

Walimu wa maabara, wenye saiba na mafundi wenzangu,

Mama mmoja mwenye saiba upande wa Runyenjes aliniletea kompyuta Embu mjini kwa matatu, ameipakata mapajani ikiwa imefungwa leso. "Fundi, hii niwekee Windows mpya," akasema. "Imekataa kufungua KRA, imekataa eCitizen, na wateja wananihama." Nikaiwasha. Pembeni mwa skrini tarehe ilikuwa 1 Januari 2009.

Mashine ile haikuhitaji Windows. Ilihitaji betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu inayokaa kwenye ubao mama. Ikifa, kompyuta husahau tarehe kila stima inapopotea. Tovuti salama nazo zina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kisakuzi hukilinganisha na saa ya kompyuta. Kwa mashine iliyokwama 2009, cheti cha leo bado hakijazaliwa. Nilibadilisha betri, nikaiweka saa sawa, mama akapanda matatu ya kurudi kabla ya saa sita.

Ndiyo hoja niliyokuja nayo: kusakinisha mfumo upya ni hatua ya mwisho ya kufufua kompyuta, nasi mafundi tumeifanya ya kwanza. Kwa sababu gani? Kwa sababu ndiyo tunayolipwa.

Tuangalie mashine zenyewe. Kuanzia Maua na Nkubu hadi Siakago, kompyuta nyingi za mezani ninazofungua ni zile tunazoziita ex-UK, zilizofanya kazi katika ofisi za watu kabla ya kufika kwetu. Chukua Dell OptiPlex 780 yenye prosesa ya Core 2 Duo. Ilikuja enzi za Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Januari 2020. Tukahamia Windows 10, nayo ikafika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. OptiPlex hiyo haina hata kimoja. Hapo ndipo mwalimu mkuu huambiwa aite watu wa skrepu, ilhali chuma hakina ubaya wowote.

Basi fungua kwanza kasha, hilo ambalo kila mtu hapa huliita CPU. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya ni mzuri kwa chai na kahawa, lakini ndani ya feni hugeuka blanketi. Nimewahi kutoa kipande kizima kikiwa na umbo la mapezi ya chuma cha kupozea, kama tofali dogo. Prosesa iliyofunikwa hivyo hujipunguzia kasi isiungue, na mwenyewe anasema kompyuta "imezeeka". Pulizia nje, uwanjani, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Pangusa grisi iliyokauka juu ya prosesa, upake mpya. Ikiwa mashine inalia bipu bipu bila kuonyesha kitu, chomoa memori, usugue meno yake ya shaba kwa raba ya penseli ya mtoto wa shule, urudishe. Msicheke. Nusu ya mashine "zilizokufa" mezani kwangu zimefufuliwa na raba.

Kisha diski. Kabla ya kusakinisha chochote soma afya yake kwa programu ya SMART. Ikianza kuhesabu sekta mbovu, mfumo mpya utakaa wiki mbili tu, na mteja atarudi na maneno. Mwenye pesa ya kununua kitu kimoja namwambia anunue SSD ndogo ya GB 120, hata kabla ya kuongeza memori. Kwenye hiyo OptiPlex haitafikia kasi yake yote kwa kuwa njia ya SATA ni ya zamani, ila tofauti utaiona hata bila saa ya mkononi.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja, naibu wa mwalimu mkuu aliniambia, "Futa tu C, kazi yangu yote iko D." Nikafuta. Alama za madarasa mawili zilikuwa kwenye desktopu, pale mbele ya macho yake kila asubuhi, na desktopu iko ndani ya C. Walimu walikaa siku tatu wakichapa upya kutoka kwenye daftari za alama. Tangu siku hiyo sifuti diski ya mtu. Naichomoa, naiandika jina kwa kalamu ya wino mzito, namrudishia mkononi, na mfumo mpya naupeleka kwenye SSD.

Kusakinisha kwenyewe hakuna maajabu. Andaa flashi kwa programu ya Rufus, na kwa mashine za BIOS ya kale chagua MBR; ukichagua GPT utaibonyeza F12 hadi jioni na mashine haitawaka kutoka kwenye flashi. Msimu wa mvua usianze bila UPS, kwa maana stima yetu mnaijua.

Mfumo gani? Kwa saiba na ofisi ndogo mimi huweka Linux Mint ya Xfce, ambayo kwa memori ya GB 4 hutembea bila kulalamika. Faida moja wenye saiba wataipenda: flashi ya mteja yenye kile kirusi cha shortcut, kinachoficha folda na kuacha vijipicha vya uongo, ukiichomeka kwenye Linux kirusi hakifanyi kitu, na folda halisi unaziona zimekaa mahali pake. Windows za bure zilizovunjwa kufuli, zinazotembezwa kwa flashi mikononi mwa vijana, sizigusi. Anayevunja kufuli ya mtu haachi kubaki na ufunguo wa kwako.

Maabara ya shule ni habari nyingine, na hapa natofautiana na wapenzi wenzangu wa Linux. Mtahiniwa wa KCSE ana karatasi ya vitendo ya kompyuta, 451/2, na wengi wamejifunza kwa Access na Publisher. Kumbadilishia programu muhula wa tatu ni kumwonea. Na kwenye saiba, fomu za kodi za Excel zenye makro husumbua kwenye LibreOffice inayokuja na Mint. Bakisheni mashine moja ya Windows kwa fomu hizo.

Na zile Pentium 4 za biti 32 tuziache zipumzike. Hata Linux ya Debian, iliyozibeba kwa miaka mingi, toleo lake la 13 la Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32. Toeni memori, toeni pawa saplai, mengine yapelekwe kwa wanaochakata taka za kielektroniki, si shimoni nyuma ya jiko la shule.

Mezani pale kuna mashine mbili. Moja inawaka na kuzima baada ya dakika tano, nyingine inalia bipu. Sijazigusa. Baada ya chai, aliye na bisibisi aje mbele, na mwenye mtoto shuleni atuazime raba.