Kipakatalishi cha Linux: akiba iende wapi?

Muuzaji wa vipakatalishi vilivyotumika mjini Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, anapoweka mfumo endeshi huria wa Linux, halipii leseni. Swali ni akiba hiyo iende wapi, na naamini isiishie kwenye kushusha bei tu. Inunue kumbukumbu ya gigabaiti 8, diski ya SSD na betri yenye uhai, kwani mashine ya gigabaiti 4 hulemewa na kivinjari, na kivinjari ndicho ofisi ya wengi hapa mpakani: mifumo ya Kenya ya kodi (iTax) na ya huduma za serikali (eCitizen) hufunguliwa humo. Na haja ya Linux ipo: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imesitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2018. Mashine zenye prosesa hizo bado ni nzima, na Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huendelea kuzipa masasisho ya usalama bila malipo.

Watasema wateja wamezoea Word na Excel. Ni kweli, na wakala wa forodha mwenye majedwali yaliyojaa makro asiuziwe Linux kabla ya kuyajaribu dukani, maana LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, huweza kuyavuruga. Lakini mwanafunzi au karani wa chama cha akiba anayeandika barua na hesabu za kawaida atahudumiwa vizuri. Wala nakala ya Windows iliyoibwa si nafuu; mara nyingi huja na virusi. Muuzaji aandike wazi kwamba mashine ni ya Linux, aijaribu na printa ya mteja, na akubali irudishwe isipomfaa mteja huyo.