Mambo kwa Soksi: Wimbo Uliofungiwa Mlango wa Redio

Kipindi cha historia leo kinafuata nyayo za wimbo mmoja wa mwaka 1990. Kumbini ulitimua vumbi. Ulipofika Radio Tanzania Dar es Salaam, ukakuta mlango umefungwa. Wimbo huo ni Mambo kwa Soksi, wa Remmy Ongala na bendi yake, Super Matimila.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Wenzake wengi waliimba mapenzi. Yeye pia aliyaimba, lakini jina alilijenga kwa kuimba umaskini, haki ya mnyonge, hata kifo chenyewe, na watu wakasakata dansi huku wakitafakari. Mwaka 1988 alialikwa na WOMAD, tamasha ambalo mwanamuziki wa roki wa Uingereza, Peter Gabriel, ni miongoni mwa waasisi wake. Mwaka uliofuata, lebo ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake ya Songs for the Poor Man. Aliyenyimwa hewa nyumbani, basi, alikuwa msanii ambaye Ulaya ilikwisha kumpigia makofi.

Wimbo wenyewe ulihusu Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ikapita, misiba ikaongezeka, na bado mambo ya chumbani yalisemwa kwa mafumbo. Remmy hakubisha hodi. Aliwaambia wanaume wavae soksi, na kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba soksi hiyo haivaliwi mguuni.

Redio ikakataa kuupiga.

Uzito wa katazo hilo vijana wa leo hawawezi kuuona kirahisi. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali. Radio One haikuanza hadi mwaka 1994. Mwenye redio ya betri hapa Kongwa, uwanda wa kati, zile betri zilizoanikwa juani zikilegea, alipata kilichotoka Barabara ya Pugu, au akatafuta idhaa za Kiswahili za BBC na Sauti ya Ujerumani. Wimbo uliokosa nafasi hapo ulikuwa na kila sababu ya kufa. Huu haukufa. Bendi iliupiga jukwaani, watu wakaurekodi, kanda moja ikazaa nyingine. Kaseti haikuomba kibali kwa mtu.

Miaka hiyohiyo majirani nao walikuwa wakiimba balaa hilohilo. Franco wa Kinshasa alitoa Attention na SIDA mwaka 1987. Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza hadharani mwaka 1989 kuwa anaugua, akarekodi Alone, akazunguka kuwaelimisha watu hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Franco alionya, Lutaaya aliliza, Remmy alielekeza: fanya hivi, leo, kabla hujalala na mtu. Ndiyo maana wimbo wake ulichoma kuliko nyimbo zote.

Hofu ya wakuu wa redio inaeleweka. Redio moja ilisikilizwa na babu, mkwe na mjukuu uani, na viongozi wengi wa dini waliona mipira ya kiume ni ruhusa ya uzinzi. Hata hivyo, kipindi hiki kinasema wazi kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa. Dawa za kurefusha maisha hazikuwa zimewafikia wagonjwa wa kawaida nchini. Kilichobaki kilikuwa kinga, na aliyeifikisha kinga hiyo kwa lugha ya wanaume wenyewe ndiye aliyezimwa.

Haikupita miaka mingi, kondomu za Salama zikawa zinatangazwa waziwazi. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa akautangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Remmy mwenyewe aliokoka, akamalizia maisha akiimba injili, na akafariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kinaitwa kwa jina lake hadi sasa.

Fundi mitambo ameshauweka tayari. Mambo kwa Soksi unapigwa sasa hivi, wote, bila kukatwa. Wazazi wenye vijana karibu wawaache wasikilize.