Majitaka Majukwaani

Msikilizaji, hapa Nyanda za Juu Kusini dhihaka tumezaliwa nayo. Mhehe akifiwa, mtani wake Mngoni anaweza kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakuna anayekimbilia polisi. Mtani anakusema machoni pako, na msiba ukihamia kwake zamu ni yako.

Siasa za majitaka, yaani za kuchafuana jukwaani, hazina zamu. Agosti 2015, CCM ikizindua kampeni pale Jangwani, Dar es Salaam, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita wapumbavu na malofa wapinzani waliojinadi kuwa wakombozi. Hakuna hakimu aliyemwita. Desemba 2017 hapa Mbeya, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya Chadema, alimsema Rais Magufuli kwenye mkutano wa hadhara. Februari 2018 yeye na Emmanuel Masonga, katibu wa chama chao Kanda ya Nyasa, wakahukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno ya mkutano huo. Mkubwa akimtukana mdogo tunaita siasa; mdogo akimgusa mkubwa tunaita jinai. Utaratibu huo siukubali.

Wapinzani nao wana lao. Septemba 2007, uwanja wa Mwembeyanga, Dar es Salaam, Dakta Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya wale ambao chama chake kiliwaita mafisadi, na Edward Lowassa alikuwamo. Mwaka 2015 Lowassa huyohuyo akapeperusha bendera ya Chadema kuwania urais. Kama tuhuma ilikuwa kweli, kwa nini wamsimamishe? Kama ilikuwa uongo, nani alimwomba radhi? CCM nao, waliokuwa wamempa uwaziri mkuu, wakaigeukia afya yake. Mgombea wao, Magufuli, akapiga pushapu jukwaani na umati ukaelewa anayesemwa. Afya ya mgombea ni haki yetu kuiuliza, tena kwa vyeti vya daktari. Kuudhihaki mwili wa mgonjwa ni ukatili. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, akapokewa kwa shangwe.

Iringa tumeyaona pia. Mchungaji Peter Msigwa, mbunge wa Iringa Mjini tangu 2010 hadi 2020, alishindwa na Sugu katika kugombea uenyekiti wa Chadema Kanda ya Nyasa Mei 2024. Mwisho wa Juni akahamia CCM, akaanza kuwashambulia wenzake wa juzi. Kuhama ni haki yake. Mimi nawafikiria majirani wa Kihesa hapa Iringa na Mwanjelwa kule Mbeya walionuniana hata wasizikane, kwa maneno ya jukwaani ambayo wanasiasa wenyewe waliyatema na kusahau. Undugu wao nani anaurudisha?

Tashtiti ninaitetea kwa nguvu zote. Wachora katuni Masoud Kipanya na Gado wamewachora wakubwa miaka mingi, na wanachochora ni maamuzi yao: fedha ilivyotumika, ahadi ilivyotupwa. Majitaka huingia chumbani kwa mtu. Na wanawake ndio wanaolowa zaidi: mwanamume anaulizwa habari za barabara, mwanamke anaulizwa mumewe ni nani.

Kwa hiyo ukienda mkutanoni viwanja vya Ruanda Nzovwe au Mwembetogwa, mgombea akianza habari za ndoa ya mwenzake, usimpigie makofi. Nyoosha mkono, umuulize kama mbolea ya ruzuku itafika kabla ya mvua, na malori yanayoua watu Mlima Nyoka na Kitonga atayafanyaje. Na asipojibu, uliza tena.