Kurudisha Manifoldi ya Ekzosi katika Lori la Chama

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama)



Kazi yangu ni kukagua vitabu, wala si kufungua injini. Hata hivyo, siku moja vitabu vilinifikisha chini ya lori. Katika chama ambacho sitakitaja, niliona matumizi ya dizeli yameongezeka ilhali safari na mizigo ni ile ile. Wajumbe wa halmashauri walikwisha kumshuku dereva kuwa anauza mafuta. Kumbe hakuiba hata lita moja. Injini ile ilikuwa ya turbo, na manifoldi yake ya ekzosi, yaani bomba lenye matawi linalokusanya moshi wa silinda zote, ilirudishwa vibaya baada ya matengenezo. Gasketi kuukuu ilitumiwa tena ili kubana matumizi.

Turbo, iliyotokana na uvumbuzi wa Alfred Büchi wa Uswisi aliyepewa hataza mwaka 1905, huzungushwa na nguvu ya moshi wa injini. Moshi ukivuja kabla ya kuifikia, mwendo wa turbo hupungua, hewa haiingii ya kutosha katika silinda, na dizeli haiungui yote. Lori hutoa moshi mweusi na kuchoka mlimani, naye dereva hukanyaga mafuta zaidi.

Kwa hiyo, fundi anaporudisha manifoldi, katibu ahakikishe mambo haya:

Kwanza, uso wa manifoldi na uso wa silinda hedi isafishwe mpaka mabaki ya gasketi ya zamani yaishe. Rula ya chuma iwekwe juu ya uso wa manifoldi. Ikionekana imepinda kupita kiasi kinachoruhusiwa na kitabu cha injini, ipelekwe karakana ikasawazishwe.

Pili, tundu la turbo lizibwe kwa kitambaa safi wakati wa kazi, na kitambaa hicho kiondolewe kabla ya kufunga. Nati moja ikianguka ndani itavunja mapanga yazungukayo makumi ya maelfu ya mara kwa dakika.

Tatu, gasketi iwe mpya, na stadi zilizolika zibadilishwe. Nati zote zishikizwe kwanza kwa mkono, kisha zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kuelekea kwenye ncha, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Zikikazwa kutoka upande mmoja, manifoldi haikai sawasawa.

Nne, ikiwa bomba la oili la turbo lilifunguliwa, oili safi itiwe kwanza ndani ya turbo. Injini ikiwaka, iachwe iungurume polepole kwa dakika chache, na fundi asikilize mvujo. Masizi katika maungio ni ushahidi kwamba moshi unapita.

Mwisho, katibu aandike katika daftari la gari tarehe, kilometa, vipuri vilivyonunuliwa na jina la fundi, kisha alinganishe dizeli ya kabla na ya baada.

Katika chama kile, gasketi mpya ilipofungwa, dizeli ilirudi katika kiasi chake cha zamani. Halmashauri ilimwomba radhi dereva mbele ya mkutano wa wanachama. Ndugu zangu, tupime kwanza, ndipo tumtuhumu mtu.