Faida na Hasara Sokoni Marikiti



Tutazame hesabu ya wenzetu wauzao Marikiti, soko lililoitwa zamani Mackinnon. Tuseme mtu amenunua sanduku la nyanya kwa shilingi 4,000, akaliuza rejareja kwa 5,000. Hudhani amepata faida ya 1,000. Lakini gari na ujira wa hamali ni 500, na ushuru 100. Faida ni 400 tu. Ikioza sehemu moja katika kumi, mauzo ni 4,500, nayo ni hasara ya 100. Aitumiaye ile 1,000 nyumbani anakula mtaji, na mkopo wa chama haulipiki. Basi kila jioni tuandike gharama zote na vilivyooza. Mali bila daftari hupotea bila habari.