Barua ya Siku 90: Kazi ya Wakili katika Mashauri ya Kodi ya Serikali Kuu ya Marekani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa jumuiya zinazosali kwa Kiswahili nchini Marekani)



Mmetutaka tuseme juu ya haki katika mambo ya kodi. Tumeona heri tuanze na kazi ambayo wengi wetu twadhani ni ya kuwatumikia matajiri tu, yaani kazi ya wakili anayeshughulikia mashauri ya kodi baina ya raia na serikali kuu. Matajiri wanao mawakili wao, tena wa kutosha. Lakini barua za Idara ya Mapato, ile tuiitayo IRS, zaingia pia katika nyumba za ndugu zetu wanaokata nyama viwandani na kuwatunza wazee majumbani, na aghalabu huwekwa juu ya friji bila kufunguliwa.

Chanzo chake mara nyingi ni kimoja. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani humpa mfanyakazi wa kipato cha chini unafuu wa kodi, na unafuu huo huongezeka akiwa na watoto. Sharti ni kwamba mtoto awe ameishi naye humu nchini zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya hifadhi ya jamii. Mpwa aishiye nasi hapa aweza kuhesabiwa. Mpwa asomaye Uvira hawezi, hata kama karo yake yatoka mfukoni mwetu kila mwezi. Kwa mila zetu huyo ni mtoto wetu. Kwa sheria hiyo siye. Basi yupo mtu wa mtaani atujaziaye ritani kwa malipo, anaandika majina manne, marejesho yanakuja manono, naye mwaka wa pili haonekani. Aliyetia sahihi ndiye anayedaiwa. Ikionekana alipuuza kanuni kwa makusudi, hunyimwa unafuu huo kwa miaka 2. Ikiwa ni udanganyifu, miaka 10.

Wako pia wanaodaiwa bila kosa. Mtoto kweli anaishi nao, lakini cheti chake cha kuzaliwa kiliungua vitani. Hapo ndipo kazi ya wakili inapoonekana ilivyo, wala si hotuba za mahakamani kama katika sinema. Ni kukusanya barua ya shule, kumbukumbu za kliniki, mkataba wa nyumba, na kuzipanga hata afisa wa serikali aridhike. Kwa kawaida mzigo wa kuthibitisha humwangukia mlipa kodi.

Wasiposikilizana, Idara hupeleka barua ya upungufu, nayo hutoa siku 90 za kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi. Siku hizo zahesabiwa tangu barua ilipopelekwa, si tangu tulipoifungua. Kupiga simu hakuzirefushi, wala kutuma karatasi zaidi. Tarehe ya mwisho imechapwa katika barua yenyewe. Hata wenye taaluma huchelewa: mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua shauri la kampuni moja ya mawakili ya North Dakota iliyochelewa kwa siku 1 tu katika muda mwingine, ule wa siku 30, nayo ikaruhusiwa kuomba ihurumiwe. Ilibidi ifike mpaka huko juu kwa ajili ya siku moja!

Mahakama hii ina uzito kwa maskini kwa sababu moja kubwa: ndani yake mtu hubishana kabla ya kulipa. Katika mahakama za wilaya za serikali kuu, kwa uamuzi wa mwaka 1960, ni lazima kwanza alipe deni lote ndipo adai arudishiwe. Ada ya kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi ni dola 60, na asiyejiweza aweza kusamehewa. Makao yake ni Washington, lakini majaji husafiri mijini kusikiliza. Mengi hayafiki kwa jaji. Wakili huketi na maafisa wa rufani, kila upande ukipima uwezekano wa kushindwa, wakapatana.

Twaulizwa: Je, wakili huyu si msaidizi wa wakwepaji? Hatukubali. Kanuni za kazi yake zamkataza kupeleka hati ya uongo. Akigundua kosa katika ritani ya mteja, yampasa amwambie mteja na kumweleza matokeo yake, bali hamshitaki kwa serikali. Si siri ya kitubio, lakini mapadre tunaelewa uzito wake. Mtu aliyeficha mapato kwa makusudi na azungumze na wakili kwanza, si na yule aliyemjazia fomu.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya mwaka 1998 iliweka ruzuku kwa vituo vya kuwatetea walipa kodi wa kipato cha chini, bure au kwa ada ndogo. Vingi vimo katika vyuo vya sheria na ofisi za msaada wa sheria, navyo havimo chini ya IRS. Sheria hiyohiyo yataja kuwaelimisha wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ndio sisi hao.

Neno la mwisho ni kwa akina mama. Mume na mke wakitia sahihi ritani ya pamoja, kila mmoja hudaiwa deni zima, hata baada ya talaka, hata kama hati ya talaka yasema mume ndiye atakayelipa. Mke ambaye hakujua mapato yaliyofichwa, au aliyetishwa na kupigwa hata akatia sahihi, aweza kuomba aondolewe deni hilo, na mateso aliyoyapata huzingatiwa. Fomu yake ni namba 8857. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mkimjua mama wa namna hiyo, mpelekeni kituoni, naye aende na barua zote, hata zile ambazo hazijafunguliwa.