Daftari Lenu Liko Wapi Usiku Huu?



Wazee kati yetu wanaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997 na 1998. Madaraja yalikwenda na barabara zikakatika. Tena mwaka wa 2024, Aprili na Mei, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 hapa Kenya. Basi tusiseme hatukujua.

Wengi wetu tukisikia hasara ya duka tunafikiri ni gunia la sukari lililolowa. Sukari itanunuliwa tena. Lakini daftari la madeni likienda na maji, nani atajua nani anadaiwa ngapi? Hapo kikundi huvunjika, na si maji yaliyokivunja, ni ugomvi.

Kwa hivyo, kabla ya mvua, tufanye haya:

1. Wekeni daftari mbili. Moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa mwanachama anayeishi mahali pa juu. Zilinganishwe kila mkutano.
2. Pesa zisilale dukani. Zipelekwe benki.
3. Bidhaa zikae juu ya mbao, si sakafuni. Kama mna mashine ya kusaga, chagueni mapema watakaoifungua mota na kuibeba.
4. Kila mwezi tengeni kidogo kisichokopeshwa mtu, kiwe cha kuanzia upya.
5. Unga uliolowa maji ya mafuriko usiuzwe. Mwageni.

Nendeni nyumbani mkaulizane: daftari letu liko wapi usiku huu?